KIJIWENI WAKILI, DARASANI BUBU!

Kwa wale wadogo zangu mlioko vyuoni, najua hali inavyokuwa katikati ya muhula: bumu limekata, asainimenti zimebanana, na lecha katangaza kuwa wiki ijayo kila grupu lije mbele lifanye prezentesheni. Hapo kwenye prezentesheni ndipo leo nataka tukae kidogo, maana kuna kasheshe ambayo watu wanaiona kila siku na kuichekea, wakati kuna wenzetu inawatafuna.

Hebu pita jioni yoyote jirani na hosteli za wanafunzi, iwe hapa Dar, iwe Morogoro au Dodoma. Utakuta kibanda cha chipsi, benchi moja refu, na kijana kasimama katikati ya wenzake anashusha nondo. Hoja ni penati ambayo Yanga walinyimwa. Jamaa anapangilia: mpira ulitoka wapi, beki alikuwa kasimama vipi, refa alikuwa upande gani, na msimu uliopita refa huyo huyo alifanya nini. Mtu wa Simba akidakia, jamaa anamwachia amalize, halafu anamgeuzia maneno yake mwenyewe mpaka benchi zima linaangua kicheko. Mikono inafanya kazi, macho yanafanya kazi, sauti inapanda na kushuka. Ukimwona utasema huyu lazima atakuwa wakili, au mbunge wa kuwatoa jasho mawaziri.

Basi kesho yake saa 4 asubuhi mfuate kwenye semina. Lecha anauliza swali ambalo jamaa jibu lake analo, tena kapiga msuli usiku kucha kwa ajili yake. Kimya. Kainamia daftari kama mtu aliyeangusha sindano. Akitajwa jina anasimama, anameza mate, anatoa sentensi moja na nusu ya Kiingereza, inakatika njiani, anakaa. Aliyeshinda kesi ya Yanga jana usiku leo hawezi kutetea ukurasa mmoja aliousoma mwenyewe!

Sasa watu wengi, wakiwemo wazazi, wakimwona hivyo wanasema "huyu mtoto hajui kujieleza." Mimi nakataa. Kujieleza anajua, tena kuliko wengi wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Kinachomshinda ni kuuvusha ule mdomo wa kijiweni auingize darasani. Na hilo, wadogo zangu, linafundishika, na wanaoweza kumsaidia wamemzunguka pande zote: lecha wake, mshikaji wanayelala chumba kimoja, kiongozi wa grupu, hata dada yake aliyeko nyumbani.

NANI KAMFUNGA MDOMO?

Tuanze na lugha, maana hilo ndilo kila mtu analitaja kwanza. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili karibu kila kitu. Alipouliza swali aliuliza kwa Kiswahili, alipobisha alibisha kwa Kiswahili. Kaingia kidato cha kwanza, ubao umegeuka: baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, mpaka kuomba ruhusa ya kwenda msalani Kiingereza. Hapo mtoto anagundua jambo moja ambalo halimo kwenye mtaala wowote, kwamba ukinyamaza hukosei. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro waliandika kitabu mwaka 1997 juu ya tatizo hili la lugha Tanzania, wakaonyesha jinsi wanafunzi wa sekondari walivyokuwa wakihangaika hata kusoma na kuelewa Kiingereza cha vitabu vyao. Kama kusoma kunamtoa jasho, kusimama mbele ya watu 60 na kuongea itakuwaje? Piga hesabu: minne ya O-level, miwili ya A-level. Mtu anafika chuo akiwa na mazoezi ya miaka 6 ya kukaa kimya.

Lakini tusiishie kwenye ung'eng'e tu, maana kuna vijana Kiingereza wanacho na bado wanaganda. Hao kawafunga mdomo mwingine kabisa: yule anayecheka.

Unamjua. Anakaa siti za nyuma, mara nyingi watatu au wanne. Mwenzao akisimama mbele akatamka neno vibaya, akaweka "L" mahali pa "R" au akachanganya wakati uliopita na wakati ujao, kinasikika kicheko cha puani, halafu mmoja anarudia lile neno kwa kunong'ona. Basi. Mpaka jioni lile neno limekuwa jina lake la utani hosteli nzima, na limesharushwa kwenye grupu la WhatsApp. Yule bwana hatanyanyua tena mkono mpaka anamaliza chuo. Na waliomcheka, nenda kawaangalie, hawajawahi kuuliza swali hata moja tangu mwaka wa kwanza! Wanacheka ili zamu yao isifike. Kama wewe ni kiongozi wa darasa na unasoma safu hii, sitaki nikufiche: kumaliza kicheko hicho kutasaidia darasa lako kuliko semina 10 za kujiamini zenye vyeti na soda.

Tatu ni idadi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika hata 20. Miongoni mwao alikuwamo Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Darasa la watu wachache namna hiyo utajificha wapi? Lecha akikuangalia kakuangalia wewe. Siku hizi kuna kozi ambazo ukumbi unajaa mamia, wengine wamekaa kwenye ngazi, na ile kozi ya mbinu za mawasiliano inayosomwa mwaka wa kwanza katika vyuo vingi ndiyo inayojaza watu kuliko zote. Unafundishwa kuongea katika ukumbi ambao mwenye nafasi ya kuongea ni mmoja tu, tena kashika maikrofoni. Ama kweli dunia ina mambo.

KUBEBWA KUNAVYOMALIZA WATU

Hapa naomba msomaji uvute kiti, maana ndipo penye uozo wenyewe.

Lecha akitoa kazi ya grupu la watu 8, kinachofuata mnakijua. Kuna mmoja alisoma shule ya mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea, huyo atasimama kuongea. Kuna dada mwenye mwandiko mzuri na kompyuta mpakato, huyo ataandika. Kuna mwenye pesa, atalipia kuchapa. Waliobaki wanaandika majina na namba za usajili kwenye ukurasa wa kwanza, wanavaa vizuri siku ya siku, wanasimama mstari mmoja mbele ya darasa kama kwaya isiyoimba. Alama wanapata sawa. Wote wamefurahi, na lecha naye kapunguza kazi.

Mchezo huo unarudiwa kila muhula kwa miaka mitatu au minne. Aliyekuwa anaongea vizuri anatoka anaongea vizuri zaidi, na aliyekuwa bubu anatoka bubu mwenye digrii. Yule dada mwandishi ndiye ananiuma zaidi. Kazi yote kaisoma yeye, hoja kazipanga yeye, kila anachosema msemaji wa grupu kimetoka kwenye kichwa chake, lakini lecha akiulizwa nani mkali katika lile grupu atamtaja aliyeongea. Siku ya kuandikiwa barua ya kuombewa kazi au skolashipu, anayekumbukwa ni nani? Dada zangu, mkipewa kazi ya uandishi kikaoni kubalini mara moja, ya pili mseme na mwingine ashike kalamu.

Na bili ya kubebwa inakuja kulipwa mwishoni, tena yote kwa mpigo. Katika vyuo vingi alama 40 ni za kazi za muhula na 60 ni za mtihani wa mwisho, kwa hiyo mtu anajipa moyo kwamba prezentesheni ni alama 5 au 10 tu, haiwezi kumdiskosha. Sawa. Lakini akienda fildi hakuna grupu: bosi anamwita ofisini, anamwambia nieleze umefanya nini wiki hii. Siku ya kutetea utafiti wake yuko peke yake na wakubwa watatu wanaomkodolea macho. Kwenye intavyuu ndiyo kabisa, huwezi kumwambia mwajiri subiri nimwite msemaji wetu. Kuna kijana mwenye GPA ya juu anatoka chumba cha intavyuu baada ya dakika 6, anafuata mwenye GPA ya kawaida anakaa humo nusu saa na anatoka anatabasamu. Watu nje wanasema "huyo ana mjomba humo ndani." Wakati mwingine kweli mjomba yumo. Wakati mwingine jamaa kaongea tu, basi.

LETE KIJIWE DARASANI

Dawa yangu ni hii, na haihitaji ada. Kile unachokifanya kijiweni kuhusu mpira, kifanye kuhusu somo lako, kwa watu wale wale, kwa lugha ile ile, kabla hujakipeleka semina.

Tuchukue mfano wa sheria. Kuna kanuni kwamba mtu asiwe hakimu katika kesi inayomhusu mwenyewe. Kwenye kitabu imeandikwa kwa Kilatini, ukiisoma usiku inakuletea usingizi. Kuna kesi yake maarufu ya miaka ya 1920, Mfalme dhidi ya Mahakimu wa Sussex kule Uingereza. Mwendesha pikipiki alipata ajali akashitakiwa kwa kuendesha kwa hatari. Mahakimu walipoinuka kwenda chemba kupanga uamuzi, karani wa mahakama aliingia nao. Kumbe karani huyo ni mwanachama wa ofisi ya mawakili inayomdai yule yule mwenye pikipiki fidia kwa ajali hiyo hiyo! Mahakimu wakaapa kwamba hawakumwuliza karani neno lolote. Mahakama ya juu ikafuta hukumu vilevile, kwa hoja kwamba haki haitoshi itendeke, lazima watu waione imetendeka.

Sasa nenda nalo benchini. Waulize masela: je, mngekubali mechi ya watani wa jadi ichezeshwe na shemeji yake kocha wa Simba? Hata kama filimbi yake ni safi na hajampendelea mtu? Utasikia kelele. Mmoja atasema haiwezekani, mwingine atasema kama hajapendelea tatizo liko wapi, wa tatu atakwambia hata akitoa penati ya halali nani ataamini. Wote hao bila kujua wanabishana juu ya kesi ya Sussex. Wewe uliyeisoma ndiye unayewaongoza, unajibu hoja za kweli kutoka kwa watu wasiokuonea huruma. Ukitoka hapo hiyo kesi huisahau maisha, na kikubwa zaidi, umeshaisema. Mdomo wako umeizoea. Darasani utakuwa unairudia tu.

Mtu wa uchumi atafanya hivyo hivyo na mfumuko wa bei kwa kutumia sahani ya wali maharage ilivyokuwa inauzwa alipoingia mwaka wa kwanza na inavyouzwa leo. Wa uuguzi atawaeleza wenzake kwa nini dozi ya antibayotiki haikatizwi kiholela siku mgonjwa anapojisikia nafuu. Ukishindwa kumweleza muuza chipsi akaelewa, basi jua hata wewe hujaelewa, rudi kwenye kitabu.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu kidogo. Ukishalieleza kwa Kiswahili, mtafute mtu mmoja tu, mnayeaminiana, msiyechekana, mrudie lile lile kwa Kiingereza. Mtu mmoja anatosha. Tumia sentensi fupi, maana sentensi ndefu ya Kiingereza ni kama daladala bovu, inakuzimikia kwenye mlima na abiria wote wanakuangalia wewe. Na tafadhali usibane pua. Sijui nani aliwadanganya vijana wa mjini kwamba Kiingereza kizuri ni cha kutokea puani kama mtu mwenye mafua. Mkenya anaongea Kiingereza cha Kikenya, Mnigeria anaongea cha Kinigeria na dunia inamsikiliza. Ongea taratibu, malizia maneno yako, utaeleweka.

Kipimo kizuri cha mazoezi ni kile kinachotumika kwenye mtihani wa IELTS, ambao wanaotaka kusoma nje wengi wanaujua. Sehemu yake ya kuongea ina kipande ambacho unapewa kadi yenye mada, unapewa dakika 1 ya kujiandaa, halafu unaongea peke yako dakika 1 mpaka 2 bila kukatizwa. Si lazima ulipie mtihani ndipo ucheze mchezo huo. Kateni vikaratasi, andikeni mada za kozi zenu, vitieni kwenye kofia, kila mtu achomoe. Dakika 2 ukiwa umesimama ni ndefu kuliko unavyofikiri! Wiki ya kwanza watu wanaishiwa kwenye sekunde ya 40. Wiki ya nne wanalalamika muda hautoshi.

Na simu unayo mkononi. Jirekodi sauti, jisikilize. Utajichukia, kila mtu hujichukia mara ya kwanza anaposikia sauti yake, lakini utajua papo hapo ni mara ngapi umesema "kwa hiyo," na wapi umemeza mwisho wa sentensi.

SIKU YENYEWE

Umefika siku ya prezentesheni, moyo unadunda, koo limekauka, magoti yanacheza singeli. Usidhani umerogwa. Mwili ukiona hatari unamwaga adrenalini, mapigo yanakwenda mbio, mate yanapungua, pumzi inakuwa fupi. Inampata mwanasiasa, inampata mchungaji, inampata msanii kabla ya kupanda jukwaani. Kunywa maji kidogo, kanyaga chini kwa miguu yote miwili, toa pumzi nje taratibu kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Halafu ile sentensi yako ya kwanza uwe umeikariri kama jina lako, maana ukishavuka hiyo mwili wenyewe unaanza kutulia.

Usisome slaidi. Nasema tena, usisome slaidi! Mtu anageuka anaangalia ukuta, anawapa watu mgongo, anasoma neno kwa neno kitu ambacho kila mmoja anakiona, tena wenye macho wameshamaliza kabla yake. Umeme ukikatika naye kakatika.

Halafu pima muda. Mtu anayeongea Kiingereza kwa mwendo wa kawaida hutoa maneno kama 120 hadi 150 kwa dakika moja. Kwa hiyo prezentesheni ya dakika 10 ni maneno 1,200 mpaka 1,500, yaani kurasa kama tatu tu za chapa. Sasa wewe umekuja na kurasa 15, unataka kuzimaliza kabla lecha hajasema muda umekwisha, utaongea kama mtangazaji wa mbio za magari. Chagua mambo matatu uyaseme vizuri.

Kwa wanaotaka kujua jambo moja likisemwa vizuri linakaaje kichwani, wamsikilize Mwalimu Nyerere alipozungumza na waandishi wa habari pale hoteli ya Kilimanjaro, Machi 1995. Angeweza kuwahutubia kwa lugha ya katiba na sera mpaka wasinzie. Alichukua picha moja tu, nyumba iliyopata nyufa, akaingiza humo Muungano, udini, ukabila, rushwa na mengine yaliyokuwa yanamkera. Miaka 30 baadaye mtu ambaye hakuwa amezaliwa siku hiyo ukimwambia "nyufa" anajua unasema nini. Na kumbuka huyu alikuwa mwalimu wa darasani kabla ya siasa, pale Pugu, na ndiye aliyetafsiri kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar, ukachapwa mwaka 1963. Kitafute kitabu hicho. Humo mna hotuba ya Antonio mbele ya maiti ya Kaisari, jamaa anawasifia wauaji tena na tena mpaka sifa inageuka tusi na umati unataka kuchoma nyumba za watu. Isomeni kwa sauti hosteli, mpokezane. Ni mazoezi matamu kuliko kukariri slaidi za watu.

Na msidhani vyuo vyetu havina historia ya kubishana. Mwaka 1970 Walter Rodney, Mguyana aliyekuwa akifundisha Mlimani, alikwenda Makerere, Kampala, wakabishana hadharani na Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa aliyekuwa profesa huko. Mmoja mjamaa wa damu, mwingine haafiki kabisa. Walipingana hoja kwa hoja mbele ya ukumbi wa wanafunzi, na walibaki wakiheshimiana. Waliokaa kwenye viti siku ile walijifunza kuongea kwa kuwasikiliza wanaojua kuongea. Siku hizi ukumbi kama huo ukijaa ujue kuna msanii wa Bongo Fleva.

MABOSI WA DARASA, NANYI MSIKIE

Waheshimiwa walimu wangu, kwa heshima na taadhima. Mwanamama mmoja mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alikaa madarasani na saa yake, na matokeo yake yakatoka miaka ya 1970. Aligundua kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kwa wastani wa sekunde moja tu kabla hajamrukia mwanafunzi mwingine au kujijibu mwenyewe. Walimu walipojizuia wakasubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalikuwa marefu zaidi, na wale waliozoea kukaa kimya walianza kuongea. Sekunde 3 bwana! Sasa fikiria mtoto wa kwetu, ambaye lazima alisikie swali kwa Kiingereza, alifikirie kwa Kiswahili, kisha alirudishe jibu kwenye Kiingereza. Huyo mpe hata 10.

Na kabla ya kumwita mtu mmoja ajibu mbele ya wote, waambieni wageukiane wawili wawili, waliongelee swali dakika 2 kwa lugha yoyote, kisha ndiyo ulize. Mbinu hii aliipa jina Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1981, na inafaa hata ukumbi wa watu 300 kwa sababu kila mmoja ana jirani. Kwenye kazi za grupu, msiwaachie wachague msemaji. Chagueni nyinyi, papo hapo, baada ya kuwaona wote wamesimama mstari. Mtaona wiki inayofuata kila mtu kasoma kazi yote. Watawanung'unikia mpaka mwisho wa muhula, lakini baadaye watawashukuru.

KABLA SIJASAHAU

Kuna msomaji kaniandikia barua akisema yeye tatizo lake si woga wala Kiingereza, ana kigugumizi tangu utotoni, na kwamba ushauri wa "jiamini tu" umemchosha. Ana haki ya kuchoka. Mdogo wangu, kigugumizi si woga, na mtu asikwambie ukikaza moyo kitakwisha. Mfalme George VI wa Uingereza alikuwa nacho. Mwaka 1926, kabla hajawa mfalme, alianza kwenda kwa Lionel Logue, Mwaustralia ambaye hata udaktari hakuwa nao, wakafanya mazoezi ya pumzi na ya kutamka kwa miaka mingi. Septemba 1939 vita ilipotangazwa alihutubia redioni huku Logue yuko pembeni yake. Kigugumizi hakikwisha, alijifunza kuongea nacho. Wewe kamwone lecha wako kabla ya siku ya prezentesheni, mweleze, mwombe muda wa ziada. Ni haki yako, usione haya.

Nanyi mnaokaa naye darasani, akikwama kwenye neno msimmalizie. Mwangalieni usoni kama mnavyomwangalia mtu mwingine yeyote, msubiri, atalitoa mwenyewe.

Wiki ijayo tutaingia chumba cha intavyuu na lile swali linalowatoa watu kijasho, "tueleze kuhusu wewe mwenyewe." Walioko kwenye semina Jumatatu, nawatakia kila la heri.